Bomba Lililotiwa Kufuli na Meno ya Wifi Yangu

Wifi yangu akicheka, hata aliyenuna alikuwa anageuza shingo. Mungu alimjalia mwanya katikati ya meno ya juu, ule mwanya ambao wanawake wengine wanautamani mpaka wanakwenda kuchongwa. Jina alilopewa na wazazi watu walikwisha kulisahau. Mama mkwe alimwita Mwanya, mume wangu ambaye ni kaka yake alimwita Mwanya, na kazini vivyo hivyo. Aliachika mapema akarudi kwao, na mimi nilipoolewa nikamkuta humo. Tumegombana jikoni, tukapatana, tumezeekea sebule moja. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikusimuliwa na mtu.

Tulikuwa wapiga pasi, mimi na yeye, upande wa kufulia nguo wa hoteli moja kubwa. Usifikirie pasi ya mkononi. Mashine yetu tuliiita gogo: chuma kirefu cha mviringo, kinazunguka huku moto unawaka ndani yake. Shuka linakuja limekauka nusu. Mmoja anashika pembe ya kulia, mwenzake ya kushoto, mnalivuta mpaka linanyooka kama ngozi ya ngoma, halafu mnalilisha gogo kwa mwendo mmoja. Peke yako huwezi. Shuka litaingia upogo, litoke lina makunyanzi kama uso wa bibi kizee. Kwa hiyo mmoja akienda msalani, gogo linasimama, na mashuka yanarundikana mpaka mlangoni.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nyororo, na hakuna kitu alichokichukia kama gogo lililosimama.

"Maji yanaingia, maji yanataka kutoka," ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Bomba la kunywa lilikuwa pale nje, ukutani, karibu na vyoo. Akamwita fundi alijengee kisanduku cha chuma chenye mlango, na mlango akautia kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni kama kidani. Tangu siku hiyo sisi tukamwita Kufuli, naye alijua, wala halikumuuma.

Na joto la chumba kile! Unatoka jasho tangu unaingia mpaka unaondoka, na ndani ya mwili hakuna kinachorudi. Badala ya maji, Kufuli alipita na kopo la peremende. Asubuhi peremende, mchana peremende. "Chukua, mama, inaleta mate." Na sisi, Mungu atusamehe ujinga, tulimshukuru. Tulisema msimamizi wetu ana utu, wenzetu wa jikoni hawapewi hata ganda. Mwanya ndiye aliyezipenda kupita wote. Alikuwa haitafuni, anaibana juu, kati ya mdomo na meno ya mbele, inayeyuka polepole, na ikiisha anaweka nyingine. Nyumbani hanywi maji, anakunywa chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Mwili ulikwisha kuzoea kiu, ukaacha kudai.

Haikuanza kwa kishindo. Ilianza kwa midomo kunatana asubuhi. Kisha harufu ya kinywa, ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia isipokuwa mama mkwe, maana mama mkwe hakuwa na breki. "Binti yangu, umekula panya?" Mwanya akanunua mswaki mpya, akasugua kwa hasira, na povu likatoka la waridi. Akasema ni mswaki mgumu. Akabadilisha mswaki. Povu likabaki waridi.

Siku moja akamwendea Kufuli, mimi nimeshika pembe yangu ya shuka namngoja.

"Msimamizi, koo limekauka. Nifungulie nimeze funda moja tu."

"Funda moja linazaa msala mmoja," Kufuli akajibu. "Chukua peremende, mama. Mate si maji?"

"Mate yenyewe yamekwisha."

"Basi funga mdomo yasitoke."

Chumba kizima kikacheka, na Mwanya naye akacheka, kwa sababu alikuwa hajajua bado anachekea nini.

Alijua kwa daktari wa meno. Nilimsindikiza, uso umemvimba, jicho moja limefunga. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani na asiye na haraka.

"Unakunywa maji?" akamuuliza.

"Nakunywa chai."

"Nimeuliza maji."

"Chai si maji, daktari?"

"Ina sukari?"

Mwanya akanitazama mimi, kana kwamba nimemsaliti. Daktari akauliza kazi yetu, tukamwambia. Akauliza habari za bomba, tukamwambia. Peremende, tukamwambia. Akavua miwani.

"Sikilizeni. Nyinyi mnasafisha mashuka. Kinywani, dobi ni mate. Ndiyo yanayosuuza mabaki ya chakula, yanazimua ule ukali unaotokana na sukari, na jino likianza kulika yanalirudishia ugumu wake. Na mate yanatengenezwa kwa maji unayokunywa. Ukikauka wewe, na yenyewe yanakuwa machache, mazito kama gundi. Dobi asiye na maji atafua nini? Ukoga unaganda kwenye meno, vijidudu vinajenga humo, na wewe kila saa unavipelekea sukari. Fizi zinavimba, zinatoka damu, mwisho zinaliachia jino kama udongo unavyoachia nguzo."

Kisha akapiga sindano ya ganzi. Meno yote mawili ya mbele yaling'oka, yale yaliyoushika mwanya, moja kulia na moja kushoto. Yalilia kwenye kisahani cha bati, kli, kli. Hakukuwa na mwanya tena. Lilikuwapo pengo.

Daktari akatuambia mengine yanaweza kuokolewa, kama ataacha peremende, atapiga mswaki sawasawa, na atakunywa maji kutwa nzima, hasa baada ya kula. "Maji hayachukui kazi ya mswaki," akasema, "lakini mswaki kwenye kinywa kikavu ni kama kufagia jangwa."

Tulipotoka nje, Mwanya akasimama kwenye ngazi, pamba mdomoni, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Wifi, uwe shahidi wangu. Siingii kaburini kabla sijaona pengo kinywani mwa yule mwanamke."

"Usiseme hivyo. Mwachie Mungu."

"Mungu nampa yote. Hili moja nitafanya mwenyewe, Yeye anisaidie tu."

Nilidhani ni uchungu wa sindano, utapita. Haukupita. Watu nao hawakusaidia. Sokoni muuza nyanya alimwambia, "Dada, ule mwanya umekuwa mlango!" Kwenye ibada, tulipokuwa tukiimba, aliimba amefunga mdomo, na sauti ile ilitoka puani kama ya mtu anayelia. Mimi nilimsikia vizuri. Hakuwa analia. Alikuwa anangoja.

Kwa ajili ya meno yaliyobaki akaanza kubeba chupa ya maji, ameiviringisha kwenye foronya. Akiona Kufuli amegeuka, anainama chini ya gogo anapiga funda. Alipata nafuu kweli. Povu la asubuhi lilianza kurudia weupe. Kisha siku moja Kufuli akaivuta ile foronya mwenyewe, akifikiri imeanguka. Akaishika chupa juu ili wote waione, akaenda nayo kwenye tundu la maji machafu sakafuni, akaimimina polepole, kama mtu anayemwagilia maua.

"Unatunza meno gani, mama?" akauliza kwa sauti yake nyororo. "Uliyobakiza?"

Safari hii hakuna aliyecheka.  Mwanya aliokota pembe yake ya shuka, tukaendelea. Lakini shuka lote lilikuwa linatetemeka. Nililisikia tetemeko lake mpaka kwenye pembe yangu.

Mungu ana njia zake, na mimi si mtu wa kuziuliza. Hoteli ikapata meneja mpya. Huyo akasema kila chumba kichague msimamizi wake kwa kunyoosha mikono. Mikono ikanyooshwa, na yote ilikuwa ya Mwanya. Hawakumchagua kwa upole wake. Walimchagua kwa hasira zake, nao kila mmoja alikuwa na lake kinywani, huyu gego, yule fizi. Kufuli alibakiza kidogo kustaafu, asingeweza kuacha kazi. Meneja akamrudisha kwenye gogo. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimebaki bila mwenzangu, akapangwa na mimi.

Kazi ya kwanza ya Mwanya ilikuwa kupokea ule ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anapokea mtoto. Akafungua kisanduku, akaamuru fundi ang'oe mlango, akaweka vikombe juu ya kisanduku. Wapiga pasi wakapanga mstari, wakanywa, wakajimwagia shingoni, wakapiga vigelegele. Kufuli naye akasogea.

"Wewe unakwenda wapi?" Mwanya akamuuliza.

"Kunywa maji."

"Maji yanaingia, maji yanataka kutoka," Mwanya akasema, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya Kufuli mwenyewe, nyororo vilevile. Akatoa kopo nyuma yake. "Chukua peremende, mama. Inaleta mate."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sitasema kwamba mimi sikucheka.

Ikawa ndiyo sheria. Bomba ni la wote, ila yeye. Chupa yake inapokewa mlangoni, anarudishiwa wakati wa kutoka. Kila asubuhi kopo linapita kwake peke yake, na Mwanya anasimama pale mpaka aone peremende imeingia mdomoni. Kufuli alikuwa na kiburi cha jiwe. Hakulalamika kwa meneja, hakuomba radhi.

"Muombe msamaha yaishe," nilimnong'oneza tukiwa tumeshika shuka.

"Nimuombe mbele ya hawa? Bora yang'oke yote."

"Kiu haina heshima, mama."

"Heshima mimi ninayo yangu. Vuta pembe yako, linakwenda upogo."

Mwanzo nilikuwa natoka kunywa. Lakini nikirudi namkuta ananitazama midomo, jinsi ilivyolowa. Macho yake hayasemi kitu, yanatazama tu maji. Siku ya pili nikanywa kidogo, nikajifuta kabla ya kuingia. Baadaye nikaacha kwenda. Alipokuwa anapewa peremende yake, alikuwa anaivunja kwa meno, nusu ananipa mimi chini ya shuka, na mimi naipokea. Ukishika shuka moja na mtu kutwa nzima mnakuwa kama ng'ombe wa nira moja, hata kama mwenzio ni mwovu.

Nyumbani Mwanya alikuwa na swali moja tu, akimenya vitunguu.

"Leo alishika shavu?"

"Alishika."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

"Nyuma au mbele?"

"Wifi, mimi si daktari."

"Nataka la mbele," akasema, akakata kitunguu katikati. "La nyuma halionekani."

Tuliposali jioni nilitaja waziwazi kusamehe waliotukosea. Akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kisha akanigeukia: "Umemuombea yeye. Sasa na mimi niombee nione pengo."

"Hilo siliombi."

"Jino kwa jino si maneno yangu, wifi. Mimi nayasoma tu."

Asubuhi moja tulikuwa uani tunapiga mswaki, mimi mbele, yeye nyuma yangu anangoja zamu ya ndoo. Nikatema. Nilimwaga maji haraka juu ya povu, lakini wifi yangu ana macho ya mwewe.

"Hiyo nini?"

"Nimejichoma na mswaki."

"Hata mimi nilisema mswaki." Akanigeuza kwa mabega, akanifunua mdomo wa chini kwa kidole gumba kama anakagua mbuzi. Fizi zilikuwa nyekundu, zimejaa. "Bomba nimelifungua. Nimeling'oa mpaka mlango wake! Kwa nini hunywi?"

"Nashika shuka na mtu mwenye kiu. Nitakunywaje?"

"Mtu gani? Yule?"

"Ndiye anayeshika pembe ya pili."

Akatukana, tusi ambalo sitaliandika, kisha akamwomba Mungu radhi, kisha akalirudia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mswaki wake umekauka mkononi.

"Nimemrushia yeye jiwe, limekupata wewe," akasema. "Na bado simsamehi. Usije ukanisalia hapa. Simsamehi!"

"Sijakuomba msamaha. Nakuomba maji."

 Njiani kwenda kazini alitembea mbele yangu, na mgongo wake peke yake ulitosha kunifanya ninyamaze.

Chumbani tulikuwa tumelisha gogo mashuka machache tu alipokuja akalizima mwenyewe. Kimya kikaingia, kile cha mashine iliyozoea kunguruma. Mkononi ana kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Wote wakaacha kazi. Kufuli alinyoosha shingo, akaikaza. Alikuwa na uhakika maji yale yatamwagwa miguuni pake, na alikwisha kujiandaa kutosema kitu.

"Kunywa," Mwanya akamwambia.

Kufuli hakushika kikombe.

"Nimesema kunywa!"

Akakishika. Akanywa kwa kuogopa mwanzo, kisha koo likamsaliti, likanywa lenyewe, kwa sauti, maji yakamtiririka kidevuni.

"Tena."

Akaletewa cha pili. Alipofikisha nusu akashika shavu na machozi yakamtoka, maana maji ya baridi yaliligusa jino bovu. Mwanya akasogea karibu kabisa, uso kwa uso.

"Lipi?" akauliza kwa pupa. "La mbele?"

Mchana uleule alimpeleka mwenyewe kwa daktari wetu wa miwani, na mimi nikaenda nao, maana niliogopa kuwaacha wawili. Daktari akachungulia, akagonga, akachungulia tena.

"Limetoboka, lakini halijafika kwenye mzizi. Litazibika."

"Halitoki?" Mwanya akauliza.

"Halitoki."

"Hata ukilitikisa kidogo?"

Daktari akamtazama juu ya miwani. "Mama, umekuja kumsindikiza mgonjwa au jino?"

Nilikohoa ili nisicheke. Mwanya alitoka nje akakaa kwenye ngazi zilezile, uso wa mtu aliyeshindwa kesi. Kufuli alipotoka, shavu limekufa ganzi, jino lake liko palepale, hakusema asante, na Mwanya hakuitaka.

Lakini nani alisema kesi imekwisha? Kesho yake msimamizi wetu akatangaza sheria mpya. Kila mtu ajinywee apendavyo. Kufuli atanywa mbele ya watu. Gogo litazimwa, atasimama katikati ya chumba, atapewa kikombe, atakimaliza. Na yeye aliyesema miaka yote ile kwamba maji yanataka kutoka, sasa ilimbidi ainue mkono mbele ya wote aombe ruhusa ya msala. Wanawake walikuwa wanamngoja.

"Kufuli kafunguka!" wanapiga kelele. "Zima gogo, Kufuli kafunguka!"

Anapita katikati yao kichwa juu, masikio yamewiva. Lakini midomo yake haikunatana tena. Hata sauti yake, iliyokuwa imekauka kwa kiu, ilirudi. Fizi zangu nazo zikatulia, kwa maji na mswaki, na mashuka yetu, kwa kusema ukweli, yalitoka yamenyooka kuliko zamani, ingawa gogo lilisimama mara nyingi zaidi.

Nilimuuliza Mwanya kama huu ni msamaha au ni nini, kwa sababu mimi katika sala zangu sikujua niuweke wapi.

"Ni maji," akanijibu. "Uweke kwenye fungu la maji."

Kufuli alivumilia mpaka siku moja kiburi kikamshinda. Alisimama katikati ya chumba, kikombe mkononi, wapiga pasi wamemzunguka, akakataa kukiinua.

"Msimamizi," akasema, na lilikuwa neno la kwanza la heshima kumwita wifi yangu tangu tumjue, "utaninywesha hivi mbele za watu mpaka lini?"

Mwanya alimkaribia. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la haki na anataka kulijibu kwa haki.

"Mpaka meno yangu yaote," akasema. "Kunywa."